Muulize Fundi: Gari la kulala linakata umeme kambini, kwenye jenereta halikati

*Mzee, shikamoo. Nina Coaster ya zamani niliyoigeuza kuwa gari la kulala hapa Nyakato. Ina kitanda, friji ndogo, hita ya maji ya lita 15, soketi nne, inveta na betri kubwa. Nawakodishia wageni wanaopita Mwanza kwenda Serengeti kwa lango la Ndabaka. Shida ni hii. Nikipaki kwenye kambi moja ya ufukweni na kuchomeka ekstensheni kwenye soketi yao, RCD yao (kile kifaa cha kukata umeme unaovuja) inakata, siku nyingine hapo hapo, siku nyingine baada ya dakika chache. Mwenye kambi anasema gari langu ni bovu. Lakini nikiwasha jenereta yangu ndogo, friji, hita na taa vinafanya kazi usiku kucha bila kukata. Fundi aliyenifungia nyaya alisema umeme wa nguzo ni mkali kuliko wa jenereta, akakata waya wa ethi ndani ya plagi ya ekstensheni. Kweli ikaacha kukata. Wiki iliyopita mke wangu ametoka kuoga, akashika mpini wa mlango akiwa pekupeku kwenye majani mabichi, ukamtetemesha mkono mpaka begani. Nimezima kila kitu. Niongeze kwamba hita hiyo iliwahi kuwashwa tanki likiwa tupu, ila mpaka leo inachemsha vizuri. Kosa ni la umeme wa nguzo, la kambi au la gari? Wabeja sana.*

*Mwenye Coaster, Buzuruga, Mwanza*

Marahaba, kijana wangu. Mpe mkeo pole nyingi. Kosa liko ndani ya gari, na kwa maelezo yako namshuku kwanza hita. Kambi haina kosa, umeme wa nguzo hauna kosa, na RCD yao ilifanya kazi iliyofungiwa. Kabla hujaendelea kusoma, chukua hiyo ekstensheni ukate plagi yake uitupe. Usimpe mtu. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka uvujaji ardhini, ukikatwa ndani ya plagi hauonekani kwa nje, na atakayeiokota ataidhania nzima.

Nianze na kilichomtokea mkeo, maana ukikielewa hicho, mengine yote yatafuata.

RCD haipimi kama umeme ni mwingi au mchache. Hiyo ni kazi ya saketi breka. RCD ni mzani wa sahani mbili: upande mmoja inaweka umeme unaotoka kwa waya wa moto, upande wa pili unaorudi kwa nyutro. Ndani yake kuna pete ya chuma na nyaya zote mbili zinapita katikati yake. Vikiwa sawa, pete inatulia. Umeme ukipata njia nyingine ya kurudi, iwe bodi ya gari, maji au mwili wa mtu, hesabu ya upande wa nyutro inapungua na kifaa kinakata. Zile zinazofungwa kulinda soketi hapa kwetu ni za miliampea 30. Kwa kanuni hazitakiwi kukata tofauti ikiwa chini ya miliampea 15, na ikifika 30 ni lazima ziwe zimekata ndani ya sekunde 0.3.

Gari lako linavujisha umeme kwenye bodi. Ethi ilipokuwa nzima, uvujaji huo ulishuka kwa waya wa ethi, ukapita kiwango, RCD ikakata. Ethi ilipokatwa, uvujaji ulikosa pa kushukia kwa sababu gari limesimama juu ya matairi ya mpira. Ukabaki kwenye bodi nzima ya Coaster: mlango, ngazi, bampa, hata rimu. Mkeo aliposhika mpini na nyayo zake zikiwa zimelowa, yeye ndiye aliyekuwa waya wa ethi. Ngozi yake na ardhi vilipunguza umeme usifike kiwango cha RCD, ndiyo maana haikukata hata alipokuwa anatetemeshwa. Na usiseme ni kidogo. Miliampea 10 hivi zinatosha kukaza misuli ya mkono mtu ashindwe kuachia alichoshika. Angekuwa amesimama ndani ya maji ya ziwa, barua yako ingekuwa nyingine kabisa.

Sasa jenereta. Hili ndilo linalowapoteza mafundi wengi, na wewe limekupoteza pia, kwa sababu inaonekana ni ushahidi mzuri: kifaa kilekile, mzigo uleule, haikati, kwa hiyo gari ni zima. Hapana. Kwenye transfoma ya mtaani nyutro imefungwa ardhini. Umeme unaovuja kwenye bodi yako ukishafika ardhini una njia ya kurudi kwenye transfoma, mzunguko unakamilika, RCD inaona upungufu. Jenereta ndogo nyingi za kubeba kwa mkono hazina kiungo hicho. Nyaya zake mbili zote zinaelea, hakuna uliofungwa kwenye bodi wala ardhini. Hita inavuja kwenye bodi vilevile, lakini umeme hauna pa kurudia, kwa hiyo hakuna kinachopita na hakuna cha kupima. Unalala ukidhani umepona. Siku uvujaji wa pili ukitokea kwenye waya ule mwingine, bodi inakuwa daraja kati ya nyaya mbili, na RCD yoyote iliyo ndani ya gari inaweza isikusaidie.

Kwa hiyo gari kutokukata kwenye jenereta hakuthibitishi chochote. Liandike hilo ukutani pa gereji yako.

Tuje kwenye kutafuta. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, kaa naye, msome ukurasa huu pamoja. Fanyieni kazi kwenye soketi yenye ethi nzima na RCD nzima. Kwanza bonyezeni kitufe chenye herufi T, na isipokata msiendelee hapo, nendeni kwingine.

Kabla ya kuchomeka, wekeni mita kwenye omu, ncha moja kwenye pini kubwa ya ethi ya kebo mpya, nyingine kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi. Isome chini ya omu moja. Ikisoma zaidi, au isiposoma kabisa, rekebisheni hapo kwanza. Sitaki mtu mwingine aguse mpini ule kabla kipimo hiki hakijakaa sawa.

Halafu zimeni meni swichi ya gari, ile inayokata nyaya mbili kwa pamoja, ndipo mchomeke. Ikikata hapo, hita haihusiki kabisa. Ubovu uko kwenye kebo au kwenye tundu la kuingizia umeme nyuma ya gari. Tundu hilo nimelifungua sana kwenye magari na kwenye maboti ya huku kwetu. Kipindi wale wadudu wadogo wa ziwa wanapoinuka kwa mawingu juu ya maji, wanafuata taa, wanaingia chini ya kifuniko kilicholegea na kufia humo. Umande ukiwalowesha wanakuwa tope jeusi linalojaa kati ya pini ya moto na pini ya ethi. Likiwa bichi, tope hilo linapitisha umeme. Jua la saa sita likilikausha, halionyeshi kitu. Hapo ndipo mtu anapokuambia gari lake linakata alfajiri na mchana linakubali, na fundi aliyeitwa saa nane mchana anaondoka amekosa la kusema. Dawa yake ni brashi kavu, spiriti, raba mpya ya kifuniko, na tundu lielekezwe chini ili maji yasikae.

Meni ikiwa imezimwa na haikukata, washeni meni huku breka ndogo zote zikiwa chini. Tulieni hapa, msipite haraka.

Ikikata sasa, mtaulizana: kila breka imezimwa, umeme unavujia wapi? Breka ndogo ya kawaida inakata waya wa moto peke yake. Nyutro inabaki imeungwa moja kwa moja mpaka kwenye kila kifaa. Nyutro ikigusa bodi mahali popote, sehemu ya umeme wa kurudi inachepuka kupitia bodi na ethi, mzani unapotoka, RCD inakata. Kosa la namna hii linaweza kukaa kimya dakika kadhaa mpaka mtu wa kibanda cha jirani awashe pasi au birika. Mzigo wa jirani unaipandisha nyutro ya kambi volti chache, na volti hizo ndizo zinazosukuma umeme kwenye ile njia ya uchochoroni. Wewe umesema siku nyingine inakata baada ya dakika chache. Nilipoisoma sentensi hiyo nilisimama.

Kwenye Coaster nyutro inagusa bodi wapi? Pa kwanza ni pale kebo inapopita kwenye tundu la bati lililotobolewa kwa drili bila kuvalishwa raba. Barabara ya vumbi ndani ya hifadhi ina matuta madogo madogo yanayotikisa gari kutwa nzima, na ukingo wa bati unakata plastiki ya waya polepole mpaka shaba. Pa pili ni skrubu za makabati: fundi seremala anapiga skrubu kwenye ubao bila kujua nyuma yake fundi umeme amepitisha nini. Pa tatu panatokana na mazoea. Fundi wa magari maisha yake yote amefunga hasi ya betri kwenye bodi, na ni sahihi kwa volti 12. Akipewa kazi ya volti 230 anaweza kuifunga nyutro kwenye bodi kwa mkono uleule. Nyutro si hasi ya betri. Ndani ya gari la kulala nyutro haitakiwi kugusa bodi hata sehemu moja. Ethi ndiyo inayofungwa kwenye bodi.

Kama haikukata, pandisheni breka moja moja, mkingoja kidogo kila mara. Mtakapofika ya hita nadhani mtapata jibu.

Hita ichunguzeni hivi. Chomoeni gari kwanza, kisha toeni nyaya zote mbili kwenye ncha za elementi. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwa sababu ileile ya breka: swichi ya nguzo moja, yaani inayokata waya mmoja tu, inaacha nyutro imeungwa, na elementi ikiwa imepasuka karibu na ncha ya nyutro, itaendelea kuisumbua RCD hata ikiwa imezimwa. Kuna watu wamebadilisha nyaya za nyumba nzima kwa ajili ya hita “iliyozimwa”.

Elementi ni bomba jembamba la chuma. Ndani yake kuna waya wa nikeli na kromi uliojiviringisha, na kati ya waya na bomba umeshindiliwa unga mweupe wa oksidi ya magnesi. Unga huo unapitisha joto vizuri na kuzuia umeme vizuri, ilimradi uwe mkavu. Tanki likiwa tupu, bomba halina maji ya kulipoza, linapata moto kupita kiasi na linapasuka. Ufa unaweza kuwa mwembamba usiouona bila tochi. Maji yanapenya, unga unalowa, umeme unapata njia ya kutoka kwenye waya kuja kwenye bomba, na kutoka kwenye bomba kuja kwenye tanki na bodi. Wakati huo waya wa ndani haujakatika, kwa hiyo maji yanachemka kama zamani. Kuchemsha vizuri hakumwondolei hita lawama.

Mkiitoa, ipitisheni chini ya tochi taratibu. Pale ilipoungua bomba huwa limevimba kidogo au limegeuka rangi ya samawati na kahawia, na kwenye ufa wenyewe utaona kijistari cheupe, unga uliotoka nje ukagandana na chokaa ya maji. Ukikwangua kwa ukucha unabaki kwenye kidole.

Kwa vipimo: elementi iliyoandikwa wati 1500 kwa volti 230 inasoma kama omu 35 ncha kwa ncha. Kipimo hicho kinakuambia waya wa ndani ni mzima, na hakisemi lolote kuhusu uvujaji. Unachotafuta ni ncha kwa bomba. Mita ya kawaida inapima kwa volti chache za betri yake, na unga uliolowa kidogo unaweza kuipita bila kusomeka. Ndiyo maana fundi aje na mega. Mega inapima kwa volti 500, na ikionyesha chini ya megaomu 1 kati ya ncha na bomba, elementi hiyo haifai. Mkitaka kupiga mega kwenye nyaya za gari zima, chomoeni kwanza chaja, inveta, friji na taa za LED, la sivyo volti 500 zitawaulia vifaa vizima mkitafuta kibovu.

Elementi ambayo bomba lake ni zima nayo inaweza kuvuja ikikaa miezi bila kuwashwa, kwa sababu unga huvuta unyevu wa hewa kupitia mihuri ya ncha, na hewa ya ufukweni unaijua. Hiyo hukauka kwa joto la taratibu ikarudi hali yake. Yako ilichomwa kavu, kwa hiyo msihangaike kuikausha. Nunua mpya pamoja na raba yake, ujaze tanki mpaka maji yatoke kwenye bomba la moto, ndipo uwashe. Na swichi ya hita iwe ya nguzo mbili.

Hita ikitoka na bado inakata, tazameni inveta. Inveta nyingi zenye chaja ndani yake huunga nyutro na ethi zenyewe zinapotumia betri, kisha zikipata umeme wa nje rilei, swichi ya ndani inayojiendesha yenyewe, inapaswa kukitenganisha kiungo hicho. Rilei ikikwama, au kama kiungo kimefungwa moja kwa moja kwa waya, RCD ya kambi itakata kila ukichomeka. Inveta za bei nafuu zina ubaya mwingine: tundu la kutolea umeme la baadhi yake lina volti kwenye nyaya zote mbili kulinganisha na bodi, hakuna nyutro ya kweli. Inveta ya namna hiyo isiungwe kamwe kwenye nyaya zilezile zinazopokea umeme wa nje bila swichi ya kubadilishia inayokata nyaya zote mbili.

Na kama kila kifaa kimepimwa peke yake kikawa safi, lakini vyote kwa pamoja vinakata, basi mnajumlisha. Chaja, friji yenye inveta ndani, adapta ya kompyuta, kila kimoja huvujisha kiasi kidogo kwenye ethi kupitia kichujio chake, na ni halali. Fundi makini hauachi uvujaji huo wa kawaida uzidi theluthi moja ya kiwango, yaani miliampea 9 au 10 kwenye RCD ya 30. Mita ya kubana inayosoma miliampea, ikizungushwa kwenye waya wa moto na nyutro kwa pamoja, inauonyesha bila kufungua kitu.

Mkimaliza, fungeni RCD ndani ya gari lenyewe pia. Kambi nyingine utakazopaki huenda hazina. Kuhusu jenereta, fundi anaweza kuunga nyutro na ethi kwenye jenereta yenyewe ili RCD ya gari ipate kufanya kazi mkiwa porini. Kiungo hicho kikae kwenye jenereta peke yake. Kikihamia ndani ya gari, tumerudi kule kwa nyutro inayogusa bodi. Halafu rudi kwa mwenye kambi umshukuru. RCD yake ilikuonya mara nyingi kabla ya mkeo kuumia.

*Fundi, habari za kazi. Nyumba yangu ya wageni ina vyumba sita na RCD moja tu pale kwenye meni. Mvua ikinyesha usiku inakata, wageni wote wanabaki gizani. Fundi wa hapa anashauri tuiondoe tuache breka za kawaida, anasema kwa biashara ndivyo wengi wanavyofanya. Nikubali?*

*Mama mwenye nyumba ya wageni, Nansio, Ukerewe*

Nzuri, mama. Usikubali. Wageni wako wanaoga kwa hita, wanashika swichi na mikono imelowa, na breka ya ampea 16 haitamwona mtu anayepigwa na miliampea 50. Itamwacha aendelee kupigwa.

Inakata mvua ikinyesha, kwa hiyo anza na vilivyo nje: taa za uani na za geti, soketi ya kibarazani, na pampu kama unavuta maji ziwani. Taa za nje hujaa maji kwenye kikombe chake kwa sababu tundu la waya limeachwa juu. Kebo ya pampu huvuja kwenye maungio yaliyofungwa kwa selotepu ya kawaida. Maungio ya kukaa majini yana vifaa vyake maalumu vya kufungia. Usiku mvua ikinyesha na RCD ikakata, mwambie kijana azime breka ya nje, arudishe RCD. Ikikaa, mmeupata upande wenye tatizo. Ikigoma, kumbuka niliyomwandikia mwenye Coaster kuhusu nyutro: fundi atoe na waya wa nyutro wa nje kwenye boksi, kisha ajaribu tena.

La kudumu ni kuacha kutegemea kifaa kimoja kwa nyumba nzima. Omba ufungiwe zile breka zenye RCD ndani yake, RCBO, moja kwa taa za nje na pampu, nyingine kwa kila vyumba viwili vitatu. Taa ya geti ikilowa, geti peke yake ndilo litakuwa giza.

*Mzee wangu, dada yangu anaishi Texas na mumewe, wana gari la kulala wanaloita RV. Amenitumia soketi mbili zilizotolewa humo, zile zenye vitufe viwili vya TEST na RESET, anasema zinaokoa maisha na kwao ni lazima. Natengeneza gari dogo la kuuzia chakula. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe napata wateja pande zote mbili. Nizifunge soketi hizi? Na yeye anauliza: yake ya jikoni inakata ingawa haijachomekwa kitu, kwa nini?*

*Mpishi wa barabarani, Sengerema*

Usizifunge, mwanangu. Dada yako amesema kweli kwamba zinaokoa maisha, lakini zimetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60 za Marekani. Ukizipa volti zetu 230, saketi ya ndani inaweza kuungua, na soketi ikabaki inapitisha umeme bila ulinzi wowote huku vitufe vyake vikiendelea kukupa moyo. Zaidi ya hayo plagi zetu za pini tatu za pembe nne hazitaingia, utalazimika kuweka adapta, na adapta kwenye gari la chakula lenye mvuke na maji ni kutafuta balaa.

Kifaa hicho alikibuni Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, mwaka 1961. Alikuwa ametumia miaka mingi kupima, kwa watu waliojitolea, ni umeme kiasi gani mtu bado anaweza kuachia kwa hiari yake. Wastani aliopata ulikuwa kama miliampea 16 kwa wanaume na 10.5 kwa wanawake. Ndiyo sababu soketi za Marekani zinakata mapema sana, kwenye miliampea 4 mpaka 6, wakati zetu zinangoja kuelekea 30. Mke wa yule kijana wa Buzuruga huenda angekuwa amelindwa na kiwango cha kwao mkono ulipoanza tu kutetemeka.

Kwa hiyo dada yako asishangae yake ikikata kwa kitu kidogo. Katika RV nyingi soketi moja ya namna hiyo hulinda nyingine zilizo mbele yake: ya bafuni, ya jikoni, na mara nyingi ile ya nje ubavuni mwa gari. Haijachomekwa kitu pale jikoni, lakini ile ya nje inaweza kuwa imeingia maji ya mvua. Akague kifuniko chake kwanza. Nyuma ya soketi yenye vitufe kuna jozi mbili za skrubu, zilizoandikwa LINE na LOAD. Umeme ukiwa umezimwa kwenye nguzo ya kambi, mumewe au fundi atoe nyaya za LOAD azifunge ncha kwa usalama, arudishe umeme, abonyeze RESET. Ikishika, ubovu uko kwenye soketi za mbele. Ikigoma huku LINE ina volti 120 sawasawa, soketi yenyewe imechoka, abadilishe. Kwenye RV za kwao pia nyutro haigusi bodi, kwa hiyo nyaya zilizobanwa na skrubu za makabati zitafutwe vilevile.

Wewe kwa gari lako la chakula nunua RCBO ya nguzo mbili, ampea 16, miliampea 30, aina ya A. Aina ya A nakuambia makusudi: vifaa vyenye elektroniki ndani, kama friji za siku hizi na chaja, vinaweza kupofusha ile aina ya kawaida iliyoandikwa AC isione uvujaji wa mawimbi nusu. Ifunge ndani ya boksi lenye kifuniko cha raba, mbali na jiko, juu ya usawa wa sinki. Bonyeza kitufe cha T kila unapochomeka mahali papya, kabla hujawasha kikaangio.